Kabla ya kusema sheria inapenda wakubwa, soma artikle 80 na 145

Jamani nimechoka na hii. Tangu Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani, akatiwe miaka 10 mwezi wa 5 2025 juu ya feza za mradi wa mashamba wa Bukanga-Lonzo, na Mutamba, waziri wa sheria wa zamani, miaka 3 mwezi wa 9, kila mtu hapa Lubumbashi ananiambia mimi avoka "Maître, sheria yenu inafunga mwizi wa kuku miaka mingi, wakubwa kidogo." Hapana. Artikle 80 ya kodi penali, kitabu cha sheria za makosa cha Kongo (RDC), inampa mwizi wa kawaida miaka 5, na hapo ndipo mwisho. Artikle 145, ya mutu wa kazi ya serikali mwenye kula feza zilizo mu mikono yake, inaanzia mwaka 1 inafika 20. Kwa karatasi mukubwa ndiye anakatiwa zaidi.

Penye kunichoma mimi ni pengine kabisa. Kijana akipanda ukuta usiku akaiba sufuria mu lupango (uwanja wa nyumba) ya mtu, artikle 81 inapandisha mpaka miaka 10. Kontabli (mhasibu) akimaliza feza yote ya kampuni ya mtu binafsi, 145 haimuhusu maana yeye si mutu wa kazi ya serikali, wanamuweka ku artikle 95, ya kuvunja uaminifu, miezi 3 mpaka miaka 5. Sufuria 10, kampuni nzima 5! Hapo mukilalamika niko pamoja nanyi.

Na mbele ya hukumu kuna kungoja mu gereza, watu hawapazungumzie. Jiji (hakimu) anatoa orodonansi, amri ya kumushika ndani, ya siku 15, kisha wanaongeza mwezi, tena mwezi, dosie imelala. Kutoka kwa muda inaomba kosyo (feza ya dhamana) na adresi yenye kujulikana, mukubwa anavyo vyote, lakini mwenye kusukuma pusipusi pale komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, leo analala huku kesho kule, jiji anaona atakimbia. Mama yake anakuja ku grefe (ofisi ya dosie za tribinali) na bukari (ugali) ndani ya sashe, anauliza siku ya odiansi (kusikiliza kesi), wanamujibu dosie haijapangiwa siku, anaendelea na njia ya gereza ya Kasapa.

Kuongeza miaka kwa wakubwa kutasaidia? Kusema kweli sina hakika, 1 mpaka 20 ni pana sana, jiji anaweza kuegemea popote. Kamerhe, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya rais, alikatiwa 20 mu 2020 juu ya kula feza za serikali, apeli (rufaa) ikashusha 13, mu 2022 akaachiliwa bila kosa. Njia hizo ziko hata kwa mtu wa kawaida, ila apeli ina siku 10 tu, na kijana wa sufuria mara nyingi hana hata mtu wa kumwambia kwamba zimeanza kuhesabiwa.