Je, wajua kwa nini kingamwili ya maabara inaweza kukuonyesha kipokezi ambacho hakipo?

Zile sindano za kisukari na za kupunguza uzito zinazoongelewa sana siku hizi, kina liraglutide na semaglutide, zote zinafanya kazi kwa kukamata kitu kimoja mwilini, kipokezi cha GLP-1, yaani protini ya kwenye seli inayoipokea homoni hiyo. GLP-1 yenyewe ni homoni ya utumbo, ukishakula inamwagwa kwenye damu, inaiambia kongosho itoe insulini, alafu ndani ya kama dakika mbili nusu yake ishavunjwa. Swali linalofuata ni rahisi kulitamka: hicho kipokezi kiko kwenye seli zipi hasa? Na hapo ndo watafiti walihangaika miaka na miaka, maana kifaa walichokitegemea kiwaonyeshe, yaani kingamwili za kununua (protini zinazotengenezwa ili zishike kitu kimoja maalumu), kilikuwa mara nyingi kinawaonyesha kitu kingine kabisa.

Tuone kwanza kazi inavyofanyika. Unachukua kipande cha kongosho kilichozamishwa kwenye nta, unakikata kiwe chembamba mno, mikroni 4 hivi, unakilaza kwenye kioo. Unadondoshea kingamwili ya kwanza, ile inayotakiwa ishike kipokezi, unaiacha, unaosha. Alafu unaweka ya pili ambayo kazi yake ni kuishika ile ya kwanza na imebeba kimeng'enya, mwisho unaweka kemikali ambayo kimeng'enya kikiigusa inageuka kahawia. Ukiinama kwenye hadubini unakuta visiwa vya kahawia vimetapakaa kwenye buluu, na kiukweli inapendeza kuangalia. Ila rangi hiyo inakwambia jambo moja tu, kwamba kingamwili ya kwanza imenasa hapo. Imenasa kwenye nini, rangi haijui.

Kwa nini inase pasipo pake? Kwa sababu kipokezi hiki ni kigumu kweli kukikamata. Ni protini ya amino asidi 463 iliyopenya ukuta wa seli mara saba, sehemu kubwa imezama kwenye mafuta ya ukuta huo, kinachochungulia nje ni kichwa chake na vitanzi vichache. Tena kwenye seli nyingi kipo kidogo sana. Na kina ndugu zake, vipokezi vya homoni nyingine, cha glukagoni, cha GIP, cha GLP-2, wote wamefanana maumbile. Kingamwili nyingi zilitengenezwa kwa kumdunga mnyama kipande kifupi tu cha hiyo protini, amino asidi chache zilizonyooka, ambazo kwenye kipokezi halisi pengine zimekunjwa au zimefichwa, na vipande vifupi vya namna hiyo vinaweza kufanana na vya protini nyingine zilizojaa tele kwenye seli. Ni kama umeambiwa umtafute mtu kwenye umati na alama uliyopewa ni shati la mistari, utampata mwenye shati la mistari, ndio, ila unajuaje ni yeye?

Dawa ya hili ipo na ni ya wazi sana. Mwaka 1996 maabara ya mtafiti Daniel Drucker kule Toronto, Kanada, ilitangaza panya walioondolewa jeni ya kipokezi cha GLP-1, yaani hawana kabisa. Chukua tishu ya panya huyo, ipitishe hatua zilezile. Kingamwili ikiwa ya kweli, pabaki patupu. Mwaka 2013 maabara hiyohiyo ilichapisha majibu ya kujaribu kingamwili tatu za sokoni kwa njia hiyo, na zikaonyesha "kipokezi" hata kwa panya wasio nacho. Fikiria ni makala ngapi zilikuwa zimeshaandikwa kwa kutegemea alama za aina hiyo, za moyo, za kongosho, na watu wanabishana usalama wa dawa juu yake!

Kuna kipimo kingine ambacho wengi walikiamini na mimi naona kinapotosha sana. Unaichanganya kingamwili na kile kipande kifupi kilichotumika kuitengeneza, alafu unaiweka kwenye tishu, rangi ikipotea unasema imethibitika. Hapana jamani. Kama kingamwili inashika protini isiyo yake kwa mikono ileile inayoshikia kipande, ukiijaza mikono hiyo itaacha vyote viwili, cha kweli na cha uongo, na rangi itapotea hata kama kahawia yote ilikuwa ya uongo. Kipimo hicho kinakuonyesha mikono inafanya kazi. Kilichoshikwa kwenye tishu bado hukijui.

Mwaka 2014 Charles Pyke na wenzake wa Novo Nordisk, kampuni inayotengeneza hizo liraglutide na semaglutide, wakachapisha kazi ya kingamwili moja waliyoiita 3F52, ni monoklono, yaani zote zimetoka kwenye ukoo mmoja wa seli, mbinu iliyoletwa na wanasayansi Köhler na Milstein mwaka 1975. Hii inashika kile kichwa cha kipokezi kinachochungulia nje. Waliipima kwenye tishu za binadamu na nyani, na pembeni wakatumia GLP-1 yenyewe ikiwa imepakiwa iodini ya mionzi, wakaona homoni inatua wapi. Hapo ndipo nawaheshimu, maana homoni na kingamwili zinakitambua kipokezi kwa njia mbili tofauti, zikikubaliana sehemu moja una sababu ya kuamini.

Na picha ikabadilika. Seli za beta za kongosho, zile zinazotoa insulini, ziliwaka vizuri, seli za asinasi, zile zinazotoa vimeng'enya vya chakula, kwa unyonge, mirija ya kongosho iliyokuwa inazua hofu ya usalama wa dawa hakuna kitu. Kwenye moyo ilionekana kwenye kifundo kinachopanga mapigo, kwenye figo ni misuli laini ya mishipa ya damu. Palipowaka kuliko kote kwenye njia ya chakula ni tezi za Brunner, zile za mwanzo kabisa wa utumbo mdogo zinazotoa ute, sehemu ambayo kabla ya hapo wengi hawakuwa wanaiwazia hata kidogo.