Nishani ya majeruhi wa vita ni nini?

Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, inapofanyika Dodoma, watu humtazama Rais akiweka mkuki na ngao kwenye mnara, kisha macho yanahamia kwenye nishani zilizo vifuani mwa maofisa na wazee wa Vita ya Kagera. Hakosekani wa kunong'ona: "Yule zimejaa hivyo, lazima alipigwa risasi." Si lazima. Nishani nyingine hutolewa kwa kushiriki vita fulani, nyingine kwa miaka kazini, kama ile ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema.

Nishani ya majeruhi inashuhudia jambo moja tu: huyu aliumizwa na adui. Haipimi ushujaa. Mfano unaojulikana zaidi ni Purple Heart ya Marekani, moyo wa zambarau wenye ukingo wa dhahabu na sura ya George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo, katikati, unaoning'inia kwenye utepe wa zambarau. Askari aliyelala hemani bomu la adui likamkuta usingizini anastahili. Mwenzake aliyevamia handaki peke yake akarudi bila mkwaruzo hapewi. Ana nishani zake nyingine. Wala haisubiri mkubwa ampendekeze mtu: masharti yakitimia, ni haki yake. Akifa, familia ndiyo inayokabidhiwa.

Ugumu uko kwenye masharti. Lori la jeshi likipinduka kwa mwendo kasi, hiyo ni ajali, hata kama nchi iko vitani. Lori hilohilo likikanyaga bomu lililotegwa na adui, waliojeruhiwa wanastahili, mradi jeraha lilihitaji tabibu na matibabu yakaandikwa. Ugonjwa hauhesabiki, wala vidole vilivyokufa kwa baridi. Risasi ya mwenzako iliyokusudiwa adui katikati ya mapigano inahesabika, na nadhani hapo walitenda haki.

Washington mwenyewe alianzisha beji ya moyo wa zambarau mwaka 1782, lakini ilikuwa ya utumishi uliotukuka. Ilisahaulika, ikafufuliwa mwaka 1932, miaka 200 tangu azaliwe, na hata hapo iliendelea kutolewa pia kwa utumishi mzuri hadi mwaka 1942, ilipobaki ya majeruhi na waliouawa.

Wengine walikuwa na njia zao. Ujerumani, kuanzia 1918, ilitoa beji nyeusi, ya fedha au ya dhahabu kulingana na mara ngapi mtu alijeruhiwa au uzito wa jeraha. Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza walishona mstari wa dhahabu kwenye mkono wa sare. Kanada ilitumia mstari kama huo, kisha mwaka 2008 ikaanzisha nishani kamili.

Kinachobishaniwa sasa ni majeraha yasiyotoka damu. Mwaka 2009 Marekani ilikataa kuhesabu msongo wa akili unaotokana na vita, kwa hoja kwamba si jeraha ambalo adui alimtia mtu kwa makusudi. Mtikisiko wa ubongo kutokana na mlipuko unakubalika. Januari 2020 Iran ilipoirushia makombora kambi ya Al Asad nchini Iraki, taarifa za kwanza zilisema hakuna aliyeumia. Baadaye askari zaidi ya 100 wa Marekani walikutwa na athari za ubongo, na mwaka huohuo baadhi yao wakavishwa Purple Heart.