Umekwama Kwenye Insha ya Chuo? Jua Kwanza Umekwama Wapi

Ukiandika "jinsi ya kuandika insha nzuri" kwenye intaneti, jiandae kukutana na matangazo ya wauza insha. Hao hawakusaidii, wanakutafutia kesi na chuo. Swali pana huleta majibu ya jumla. Basi soma kwanza maoni ya mhadhiri, uone kasoro iko kwenye marejeo, mpangilio, lugha au hoja yenyewe.

Marejeo ndiyo mepesi, maana kanuni zake zimeandikwa. Purdue OWL, tovuti ya Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani iliyoanza mwaka 1994, inaeleza bure, kwa mifano, mitindo ya kuandika marejeo inayoitwa APA, MLA na Chicago. Shida huwa ni toleo. APA toleo la 7 lilitoka 2019, lakini bado zipo kurasa zinazofundisha la 6. Kuzigundua si kazi: mfano wa kitabu ukitaja mji wa mchapishaji, hilo ni la zamani, kwani la 7 hutaja mchapishaji peke yake. Tena, kazi ya waandishi watatu au zaidi sasa hutajwa ndani ya matini kwa jina la wa kwanza "na wenzake" tangu mara ya kwanza. Zotero, programu ya kutunza marejeo, itakupangia orodha bila malipo, ila hubeba makosa jinsi ilivyoyakuta. Kichwa cha makala kikiingia kwa herufi kubwa tupu, ndivyo kitakavyotoka.

Mpangilio ukikusumbua, usitafute kiolezo. Chukua rasimu uliyonayo, na pembeni ya kila aya andika sentensi moja inayosema aya hiyo inadai nini. Kisha funika insha, usome sentensi hizo tu. Mbili zikisema jambo moja, unganisha aya zake. Aya isiyoenea kwenye sentensi moja imebeba mambo mawili, igawe. Na ile isiyojibu swali la mhadhiri itoke, hata kama ndiyo uliyoipenda kuliko zote (mara nyingi ndiyo hiyo).

Programu za kusahihisha lugha zinafaa kwa tahajia na alama za uandishi. Usikubali masahihisho yote kwa mbofyo mmoja: "huenda ikasababisha" ikifupishwa kuwa "husababisha", umeshadai usichoweza kuthibitisha. Programu za akili bandia nazo hubuni marejeo yanayoonekana halali kabisa. Kila rejeo litafute kwenye Google Scholar (huduma ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma), fungua DOI yake, yaani namba ya utambulisho wa makala mtandaoni, na uhakikishe makala inayofunguka ndiyo yenyewe. Na uliza mapema iwapo chuo chako kinaruhusu kuzitumia programu hizo.

Hoja dhaifu inahitaji mtu. Vituo vya uandishi vya vyuo vingi huhudumia wanafunzi wao kwa video au kwa maandishi. Tuma swali la kazi, vigezo vya kusahihishia na rasimu, pamoja na ombi mahususi: "Je, aya ya tatu inathibitisha dai la utangulizi?" Ukisema tu "naomba uipitie", utarudishiwa koma.