Kabla hujaponda kazi ya mtu, angalia kwanza kama ni kosa au ni wewe tu hujaipenda

Mimi kazi yangu ni kuhariri miswada, niko hapa Arusha, na kinachoniuma kwenye kazi hii sio makosa ya waandishi maana makosa yanarekebishika. Kinachoniuma ni jinsi tunavyokosoana. Mtu anasoma kazi ya mwenzake, haimkolei, basi anatoka hapo anatangaza kwamba ni mbovu, na ukimuuliza ubovu uko wapi anakwambia "aisee haina mvuto". Mvuto kwa nani sasa?

Kosa nakuonyesha kwa kidole, na mwandishi mwenyewe akitazama atakubali. Mama alitoka Marangu sura ya kwanza, sura ya tano katokea Machame, hilo ni kosa. Mvua za vuli zinanyesha mwezi wa nne, hilo nalo kosa, kila mtu huku anajua mwezi wa nne ni masika. Lakini "sentensi zake fupi mno", "anapenda sana tamathali", "mimi stori za mapenzi zinaniboa", hiyo ni ladha. Ladha sio dhambi, kila msomaji anayo na mimi ninayo tele, shida inakuja pale unapoivisha ladha yako joho la kanuni halafu unamhukumu nayo mtu.

Wengi tunapita pale Uwanja wa Sheikh Amri Abeid tukiwaza mpira tu. Sheikh yule alikuwa mshairi, na kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka 1954, ndicho kilichowafundisha wengi habari za vina, yaani silabi zinazolingana sauti, na mizani, yaani hesabu ya silabi katika mstari. Baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na hapo moto ukawaka. Wanamapokeo, yaani wanaoshikilia kanuni za zamani, wakasema hayo si mashairi kabisa, wanamabadiliko wakajibu kwamba vina na mizani sio roho ya shairi, na malumbano yakaenda miaka na miaka. Ukiniuliza mimi, sikio langu liko kwa wanamapokeo, shairi la mizani likisomwa kwa sauti nasikia raha ambayo shairi huru hainipi. Ila hiyo ni habari ya sikio langu. Kezilahabi kwenye utangulizi wake alisema anachojaribu kuleta ni lugha ya kawaida, ile watu wanayoongea kila siku. Basi mpime hapo! Je, lugha ya kawaida imebeba uzito aliotaka kuubeba? Ikilegea mahali, sema imelegea mstari fulani na kwa nini. Lakini kumhesabia mizani mtu ambaye hajasema atapima mizani ni kumuonea.

Na kinyume chake pia, tusije tukasema kila kitu ni ladha. Chukua mstari huu wa kienyeji nimeutunga sasa hivi: "Mlima umefunikwa, wingu limetanda juu". Hesabu silabi, nane kwa nane, jumla 16, uko sawa. Sasa chalii akiniletea shairi la mapokeo, beti zote nane kwa nane, halafu mstari mmoja kaandika "Mlima umefunikwa na, wingu limetanda juu", hapo kipande cha kwanza kina tisa na hiyo "na" inaning'inia bila kazi. Hilo sio suala la kupenda au kutopenda, yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kipimo na kipimo kimemkataa. Nitamwambia waziwazi na sitamung'unya maneno, kumung'unya maneno pia sio haki, unamnyima mtu kitu anachohitaji.

Kwahiyo mimi naandika kwa rangi mbili. Makosa natumia wino, ladha yangu natumia penseli na naanza na "mimi ningependa". Mwandishi akifuta ya penseli sinuni. Na jina la mwandishi naomba litolewe kwenye mswada kabla sijausoma, kwa sababu marudio ya rafiki yako unayaita takriri na ya usiyempenda unayaita kukosa msamiati, hii ipo sana tena kwa wasomi wazuri tu.

Kwenye makala za maoni mambo ni magumu zaidi kwa sababu hapo damu inachemka. Kuna kijana wa Moshi alileta makala anasema watu wa vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, wang'oe mibuni wapande parachichi. Mimi ni mtu wa kahawa, sikubaliani naye hata kidogo, na jamaa mmoja aliyeisoma kabla yangu alikuwa kaandika pembeni "huyu hajawahi kushika jembe". Jamani, hilo ni jibu? Hata kama hajawahi kushika jembe, hoja yake kuhusu bei inasimama au inaanguka yenyewe, jembe halihusiki. Nilichofanya kwanza nikaandika hoja yake kwa maneno yangu nikamsomea kwenye simu mpaka akasema ndio hapo hapo. Bila hatua hiyo unaweza ukapigana wiki nzima na kitu ambacho mwenzako hajasema.

Halafu nikachambua. Alisema kahawa haijawahi kumfaidisha mkulima wa Kilimanjaro, hapo nikaweka wino, kwa sababu ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, ulianza 1933 na pesa ya kahawa imesomesha watoto wengi sana mlimani, hilo halina ubishi. Aliposema bei ya siku hizi haimtoshi mkulima na parachichi ina soko zuri zaidi, hapo nikamuomba aonyeshe hesabu zake, shilingi ngapi kwa kilo na mti unachukua muda gani kuzaa. Aliposema kihamba bila mibuni kitapendeza zaidi, sikugusa kitu. Kwangu mimi kihamba bila mibuni kinanihuzunisha, ila hayo ni macho yangu na yake ni yake.

Ile sentensi ya kahawa akaitoa mwenyewe, hesabu akazileta, maoni yake yakabaki yote kama alivyoyaandika. Ya kwangu nikayaandika kwenye makala nyingine, yenye jina langu.