Uchumi wa Kenya: yale tunaambiana mtaani na venye mambo yako kweli

Dhana: mfumuko wa bei umeshuka, kwa hivyo bei zimeshuka.

Hii ndiyo inachanganya watu zaidi na inaniudhi, manake inafanya mama mboga aonekane anadanganya wateja. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6, Oktoba 2024 ukawa 2.7. Hiyo 2.7 inasema tu kwamba bei ziliongezeka polepole kuliko hapo awali, haisemi zilirudi pale zilikuwa. Kitu cha shilingi 100 kikipanda kwa asilimia 9 kinakuwa 109, mwaka unaofuata kikipanda kwa 3 kinakuwa 112 na kitu, na hapo ndipo kinakaa. Kuna vitu vilishuka kweli, tusikatae: pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imepita 200 mwaka wa 2022 ikashuka mvua iliporudi na watu wakavuna, petroli Nairobi ilikuwa 217.36 Oktoba 2023 na mwaka mmoja baadaye ikawa 180.66. Lakini karo, kodi ya nyumba na nauli zikishapanda ni nadra sana kuziona zikirudi nyuma, na hizo ndizo zinamaliza mshahara.

Dhana: tulishapona korona, 2021 uchumi si ulikua kwa asilimia 7.6?

Ulikua, ndiyo, lakini ulikua kutoka wapi? 2020 uchumi ulirudi nyuma kwa asilimia 0.3, hoteli zilifungwa, shule zilifungwa, kwa hivyo kitu chochote kikifunguliwa mwaka unaofuata lazima ionekane ni ukuaji mkubwa. Weka hiyo miaka miwili pamoja utapata wastani wa karibu 3.6 kwa mwaka, na watu wenyewe wanaongezeka kwa karibu asilimia 2, sasa gawa hiyo keki uone kila mtu amebaki na nini. Halafu kabla watu wapumue ukaja ukame, misimu mitano ya mvua ikafeli mfululizo mpaka 2022, mifugo ikafa huko kaskazini, kilimo kikashuka. 2023 kilimo kiliinuka na uchumi wote ukafika 5.7, halafu 2024 tukashuka tena mpaka 4.7 na sekta ya ujenzi ikarudi nyuma kabisa. Nchi inainuka inateleza, inainuka inateleza.

Dhana: dola imeshuka mpaka shilingi 129, so uchumi uko na nguvu na deni limepungua.

Shilingi ilikuwa imefika karibu 160 kwa dola Januari 2024 kwa sababu soko liliogopa tutashindwa kulipa ile Yurobondi ya dola bilioni 2, yaani mkopo wa dola tuliochukua kwa wawekezaji wa nje 2014, iliyokuwa inaiva Juni. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 mpya na kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani, na mwezi huohuo wawekezaji wa nje wakakimbilia bondi ya miundombinu iliyokuwa inalipa riba ya 18.46. Dola zikaingia, hofu ikaisha, shilingi ikainuka. Hiyo ilikuwa kazi nzuri, mi nasema hivyo bila kuficha, lakini deni halikuisha, lilibadilishwa tu: ile ya 2014 ilikuwa na riba ya 6.875, mpya ikapatikana kwa zaidi ya 10. Na kuna watu shilingi ikiinuka wao wanaumia, mzazi aliyekuwa anatumiwa dola 100 na mtoto wake aliye Marekani alipokea karibu 16,000 Januari na miezi michache baadaye ni karibu 13,000, ilhali bei za dukani zikawa zilezile. Pesa za diaspora zilikuwa karibu dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024, hao si watu wachache.

Dhana: Benki Kuu ikishusha riba, mkopo unakuwa rahisi.

Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu naona ndipo ugonjwa wenyewe uko. Riba ya Benki Kuu ilikuwa 13 mwanzo wa 2024, Agosti wakaanza kuishusha, na katikati ya 2025 ilikuwa imeshuka chini ya 10. Lakini mwisho wa 2024 mikopo kwa sekta binafsi haikuongezeka, ilipungua kabisa ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Kwa nini? Kwanza, benki ilikuwa inaweza kukopesha serikali kwa asilimia 16 na zaidi bila jasho, sasa ikukopeshe wewe wa duka la vipuri kwa nini? Pili, mikopo chechefu ilipita asilimia 16, kila shilingi 100 iliyokopeshwa, 16 hazilipwi inavyotakikana, na benki ikiumwa hivyo inaogopa hata mteja mzuri.

Na ukiuliza hiyo mikopo imekwama kwa nani, utarudi kwa serikali yenyewe. Kontrakta amejenga zahanati ya kaunti, amekopa benki kununua simiti na nondo, amemaliza kazi, amepeleka makaratasi yote, halafu anaambiwa subiri. Anasubiri mwaka. Anasubiri miwili. Mwenye hadiwea hajalipwa, fundi hajalipwa, vijana wa mjengo wamerudi nyumbani mikono mitupu, benki inapiga simu na mwishowe inauza ploti yake. Mabilioni ya namna hiyo yamekwama kwa serikali kuu na kwa kaunti, na kwa maoni yangu kulipa hizo bili kungesaidia kuliko kushusha riba mara kumi, manake hiyo pesa ingezunguka mtaani siku hiyohiyo na benki ingelipwa pia.

Dhana: kazi zinaongezeka, basi pesa itafika mfukoni.

2024 kulipatikana kazi mpya 782,300. Sawa, lakini 703,700 kati ya hizo ni za jua kali, boda, kibanda, mtu anaamka hajui atapata 300 ama hatapata kitu. Hizo ni kazi na ziheshimiwe, ila ukiambia benki ndiyo mapato yako utaona venye watakuangalia.

Na wale wa mshahara nao wamebanwa. Chukua mtu wa 100,000: 2022 alikatwa NHIF (bima ya afya) 1,700 na NSSF (akiba ya uzeeni) 200, jumla 1,900. 2025 alikatwa SHIF (bima iliyochukua nafasi ya NHIF) 2,750, ushuru wa nyumba 1,500 na NSSF 4,320, jumla 8,570. PAYE, yaani kodi ya mshahara, ilipunguka kidogo kwa sababu tangu mwisho wa 2024 makato ya SHIF na ya nyumba pia yanaondolewa kabla ya kodi kuhesabiwa, lakini pengo bado ni kubwa. Sehemu ya NSSF ni akiba yake mwenyewe, ni kweli, ila mwezi huu haiwezi kununua mafuta ya kupima, kwa hivyo ananunua kidogo, na mwenye duka naye anauza kidogo. Watu wengi walidhani Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi ulipoondolewa Juni 2024 baada ya maandamano na vifo basi mzigo uliisha, wakasahau makato mengine yalikuwa tayari kwenye sheria.

Kwa hivyo mtu akikuuliza mbele kukoje, usimpe jibu la dola peke yake. Angalia mvua ya masika, kwa sababu kilimo pekee ni zaidi ya moja ya tano ya uchumi na mvua ikifeli hesabu zote za Nairobi zinaharibika. Angalia mikopo kwa biashara, mwaka wa 2025 ilianza kurudi juu polepole na hiyo ni dalili nzuri. Na uliza kontrakta yeyote unayemjua kama kaunti yake imeanza kumlipa.