Maji ya Sabuni: Namna ya Kuyachagua na Kuyapima

Sabuni ya kipande hutokana na mafuta kushikana na kostiki soda, kemikali kali inayounguza. Kazi ya maji ni kuiyeyusha kostiki na kuifikisha kila mahali ndani ya mafuta, kisha mengi yake huondoka taratibu kadiri sabuni inavyokauka. Kwa hiyo maji yanayofaa ni yale yasiyobeba kitu kingine, na ni sahihi zaidi kuyapima kwa kuyalinganisha na uzito wa kostiki kuliko kwa kuangalia wingi wa mafuta.

Maji huwa magumu yanapokuwa na kalsiamu na magnesiamu nyingi iliyoyeyuka ndani yake, kwa kuwa madini hayo hunasa sehemu ya sabuni na kuigeuza utando mweupe usiotoa povu. Kuyatambua hakuhitaji maabara. Jaza chupa safi maji hadi nusu, tia vipande vichache vya sabuni ya mche iliyoparuzwa, funga na utikise kwa nguvu: maji laini hutoa povu zito linalokaa, ilhali maji magumu hugeuka rangi ya maziwa, huelea utando juu yake, na povu lake hufa upesi. Kuchemsha hupunguza sehemu ya ugumu huo, ambao huonekana kama ukoko mweupe ndani ya birika. Chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Kinyume chake hukolea, kwa sababu maji hupungua nayo ikabaki.

Jambo hilo linamhusu hasa mtengenezaji wa Mikindani au Kilwa Masoko anayechota katika kisima kifupi chenye maji ya chumvichumvi. Ni kweli kwamba sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu katika maji ya chumvi kuliko sabuni nyingi nyingine, lakini sifa hiyo humfaa anayeoga au kufua. Maji hayo yakitumika kutengenezea, sabuni hukaza haraka na humeguka inapokatwa. Kwa maoni yangu, anayevuna maji ya mvua kule Newala au Tandahimba anayo maji bora kuliko ya visima hivyo, mradi aiache mvua ya kwanza ioshe vumbi na majani ya paani, na bati lisiwe na kutu, kwa sababu chuma huharakisha mafuta kuharibika na kunuka.

Kuhusu kipimo, tumia mizani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, lakini lita moja ya mafuta ya nazi haifiki kilo. Ni takribani gramu 920, na hapo ndipo wanaopima kila kitu kwa kikombe hupotea. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takribani gramu 183 za kostiki ili yote yageuke sabuni. Ili mafuta kidogo yabaki na sabuni isiunguze ngozi, punguza asilimia 5, upate gramu 174, kisha pima maji mara mbili ya uzito huo, yaani karibu gramu 350. Yakizidi sana, sabuni huchelewa kukaza, na ikikauka hunywea na kupinda. Yakiwa pungufu ya uzito wa kostiki yenyewe, kostiki haiyeyuki yote, na punje zake zilizobaki ndani ya kipande huunguza.

Tia kostiki ndani ya maji baridi kidogo kidogo ukikoroga, wala usimwage maji juu ya kostiki, kwa maana huchemka ghafla na kuruka usoni. Vaa glavu na miwani, tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma cha pua, na uepuke sufuria ya alumini, ambayo huliwa na kostiki.

Kwa anayependa kutia tui la nazi, tui hilo lihesabiwe ndani ya gramu zilezile 350 za maji: ayeyushe kostiki kwa gramu 200 za maji, kisha amimine gramu 150 za tui wakati mchanganyiko wa maji hayo ya kostiki na mafuta unapoanza kuwa mzito kama uji.