Patuka, Kibwebwe cha Mwanamke wa Nepal

Kila ninapofundisha kuhusu mavazi ya Asia ya Kusini, wanafunzi huniambia kwamba mwanamke wa Nepal huvaa sari, basi. Sari ipo kweli, lakini mimi huanza na patuka, kwa kuwa ndiyo inayoeleza vizuri zaidi maisha ya mwanamke wa vilima vya nchi hiyo.

Patuka ni kitambaa kirefu cha pamba, cha mita kadhaa, kinachozungushwa kiunoni tena na tena hadi kiwe mkanda mnene. Mswahili akikiona atakiita kibwebwe, wala hatakosea. Mwanamke anayepanda mteremko akiwa na doko mgongoni, yaani tenga la mianzi linaloning'inia kwenye ukanda uliopitishwa kichwani, anahitaji kitu cha kumshikilia kiuno. Humo humo huchomeka mundu wake, na katika mikunjo huhifadhi pesa. Kinepali kina msemo kammar kasnu, kukaza kiuno, wenye maana ileile tuliyonayo tunaposema mtu amejifunga kibwebwe.

Patuka hukaza gunyu, nguo inayozungushwa kiunoni na kushuka hadi miguuni, na juu yake huvaliwa chaubandi cholo, blauzi ya mikono mirefu isiyo na kifungo hata kimoja. Chau ni nne, bandi ni kufunga: upande mmoja wa kifua hulazwa juu ya mwingine, kisha vikamba vya kitambaa hufungwa mahali pane. Naupenda sana ushonaji huu, maana vikamba hulegezwa na kukazwa kadiri mwili unavyobadilika, na blauzi moja humfaa mwanamke kabla ya uzazi na baada yake. Msichana hukabidhiwa gunyu na cholo katika sherehe ya kifamilia akiwa na umri wa witiri, miaka 7, 9 au 11, kuonyesha kwamba anauaga utoto.

Si jamii zote zinazovaa hivyo. Wanewari wa bonde la Kathmandu, hasa wanawake wa jamii ya wakulima waitwao Jyapu, wana haku patasi, nguo nyeusi yenye pindo jekundu.

Wekundu huo una uzito wake. Katika jamii za Kihindu, bwana harusi humpaka bibi harusi unga mwekundu wa sindur kwenye mwachano wa nywele na kumvisha pote, mkufu wa shanga ndogo za kioo; na katika sikukuu ya Teej wanawake hufunga na kumiminika kwenye hekalu la Pashupatinath wakiwa wamevaa mavazi mekundu. Mjane, kwa desturi, alivuliwa hayo yote na kuvishwa nyeupe. Desturi hiyo huniuma kila ninapoifundisha. Mwaka 1994 Lily Thapa, aliyekuwa mjane mwenyewe, alianzisha shirika linalotetea wajane, nao wamedai kuitwa ekal mahila, wanawake walio peke yao, na kuvaa nyekundu wakitaka.